Kipya Kinyemi: Namna ya Kuitia Mtihani Kamera Mpya Wiki ya Kwanza

Jioni ya kwanza, kamera mpya nyumbani kwangu haipigi picha ya mtu. Hukaa juu ya tripodi ikiutazama ukuta mweupe, ikijipiga yenyewe picha mia sita, moja kila baada ya sekunde tano, mpaka zipite kama dakika hamsini. Mwanangu huiita desturi hii "kumweka bibi harusi rumande". Na aseme.

Kazi yangu ni kukodisha kamera na kusafisha sensa za wenzangu, yaani kile kipande cha ndani kinachonasa picha. Aliyenitia adabu ni kamera moja ya kampuni ambayo siitaji, wala si mojawapo ya hizo nitakazozitaja huko mbele. Ilikuwa na siku kumi na mbili tu tangu itoke kwenye boksi. Nikamkodishia kijana aliyekwenda kupiga picha za jengo refu, mchana wa jua kali, tundu la lenzi kalifunga mpaka f/16, yaani dogo sana. Aliporudi akazifungua picha kwenye kompyuta yangu, akaweka kidole juu ya anga: "Dada, hawa ni ndege?"

Nikahesabu ndege kumi na saba. Wote walikuwa wamesimama mahali palepale katika kila picha: walikuwa madoa kwenye sensa.

Tangu siku hiyo sina imani na boksi jipya, liwe limeandikwa jina gani. Haya ninayoyaeleza hapa ndiyo ninayoyafanya ndani ya zile siku chache ambazo muuzaji bado anakubali kupokea kilichorudishwa. Zikishapita, kasoro ni yako na waranti, na waranti haina haraka.

Usiyazibie masikio makelele ya mashabiki

Watu wa Canon, wa Nikon na wa Sony hugombana kama mashabiki wa mpira, na mwamba ngoma ngozi huivuta kwake. Wengi watakushauri uyapuuze. Mimi nasema yasikilize, ila mtu akiisifu kamera yake mwache apite. Msikilize anapoiponda ya jirani. Hakuna mkaguzi mwenye bidii kama anayetafuta aibu ya mpinzani wake, tena humlipi kitu. Chukua hiyo aibu aliyoitaja, nenda kaitafute kwenye kamera yako mwenyewe.

Tazama mwaka 2012. Mwezi Machi ziliingia sokoni Nikon D800 yenye megapikseli 36.3 na Canon EOS 5D Mark III yenye 22.3. Upande mmoja ukajigamba kwa wingi wa pikseli, wa pili ukajibu kwamba pikseli zote hizo zitakujazia diski tu. Haukupita muda, wenye D800 wakaanza kulalamika kwamba nukta za fokasi za upande wa kushoto zinakosea, na wenye 5D Mark III wakagundua kwamba taa ya kile kiskrini cha juu ikiwashwa gizani, mwanga wake unapenya ndani na kuyumbisha kipimo cha mwanga. Canon ilikiri, na dawa yenyewe ikaja kuwa kipande cha utepe mweusi ndani ya kamera. Kila kambi ikapata fimbo ya kumchapia mwenzake. Ukiniuliza mimi, lile la taa lilikuwa dogo mno, kwa sababu anayepiga picha kwenye giza totoro hategemei kipimo cha kamera. La fokasi lilikuwa kubwa. Lakini kelele zake zote mbili zilikuwa sawasawa, na hapo ndipo mnunuzi hupotea.

Na usidhani majina tofauti maana yake ni vitu tofauti. Mwaka 2005 ilidhihirika kwamba sensa za CCD zilizotengenezwa na Sony zilikuwa zikifa ndani ya kamera za Canon, Nikon, Fujifilm, Konica Minolta na za Sony mwenyewe. Joto na unyevu vililegeza viungio vya nyaya ndani ya sensa, picha zikatoka zimevurugika au hazikutoka kabisa. Watu walikuwa wamegombana miaka kuhusu jina la mbele, kumbe ndani kuna kipande kimoja.

Kwa hiyo kila lalamiko ulisikialo liulize hivi: kamera zote za toleo hilo ziko hivyo, au baadhi tu? Kama ni zote, huenda si kasoro bali ni uamuzi. Nikon Z6 na Z7 pamoja na Canon EOS R, zote za 2018, zilikuja na tundu moja tu la kadi, na wapiga picha wa harusi wakachachamaa, maana kadi ikifa hakuna nakala. Walikuwa na haki ya kuchachamaa, lakini hilo si jambo la kurudishia kamera dukani. Ulitakiwa kulijua kabla ya kulipa. Nikon ilitia matundu mawili kwenye Z6 II na Z7 II mwaka 2020. Kama ni baadhi tu, basi hapo ndipo mtihani wangu una kazi.

Ukuta mweupe

Kabla ya kuwasha chochote, piga picha kwa simu ile namba iliyoandikwa chini ya kamera na ile ya kwenye boksi. Zifanane. Washa, andika toleo la programu iliyomo ndani, na usilisasishe kwanza. Ukisasisha halafu tatizo likatokea, hutajua limeletwa na nani.

Sasa ukuta. Weka ISO (usikivu wa sensa kwa mwanga) 100, chagua hali ya A au Av, ile ambayo wewe unachagua tundu na kamera inachagua kasi, tundu f/16. Zima fokasi ya kujiendesha, zungusha pete ya lenzi mpaka ukuta uwe ukungu mtupu. Ongeza mwanga hatua moja, maana kamera ikiachiwa nyeupe yenyewe huifanya kijivu. Kasi ya shata, lile pazia linalofunguka kuruhusu mwanga ufike kwenye sensa, itakuwa ya polepole, na hilo ndilo tunalolitaka: shata ikiwa wazi, isogeze kamera taratibu kushoto na kulia kama anayepaka rangi. Doa la ukutani litafutika kwa mwendo huo. Doa la kwenye sensa halifutiki, kwa sababu linatembea pamoja na kamera.

Ifungue kwenye kompyuta kwa ukubwa wake kamili, ongeza kontrasti mpaka picha ichukize, kisha ipitie kona hadi kona. Vidoa viwili vitatu kwa kamera mpya havinitishi. Geuza mdomo wa kamera uelekee chini, washa ile hali ya kusafisha sensa, puliza kwa mpira wa kupulizia. Usipulize kwa mdomo. Mate ni kibarua kingine. Na ukitaka kujua uchafu wenyewe uko wapi, kumbuka taswira huingia kwenye sensa kichwa chini: doa la kona ya juu kushoto kwenye picha, ukiitazama sensa kwa mbele, utalikuta chini kushoto. Nimeona watu wakisugua kona isiyo na hatia nusu saa nzima.

Baada ya hapo ndipo rumande inapoanza. Tumia kile kipengele cha kupiga picha kwa vipindi, weka mia sita, na hakikisha shata ni ya mitambo. Ukiiacha ya kielektroniki hakuna kitakachosogea humo ndani, utakuwa umeupigisha ukuta gwaride bure. Zikiisha, rudia picha ya ukuta kama ile ya kwanza na uziweke mbili hizo bega kwa bega. Unachokitafuta hapa ni ongezeko. Vumbi lililoingia kiwandani lingekuwepo tangu mwanzo. Madoa yanayozaliwa kadiri shata inavyofanya kazi yanatoka kwenye shata yenyewe. Vumbi likipulizwa huhama. Mafuta ya shata hayaendi popote.

Hiki ndicho kilichoiharibia jina Nikon D600 iliyotoka Septemba 2012. Kamera nzuri, sensa nzuri, lakini madoa yalikuwa yakijazana, hasa sehemu ya juu kushoto ya picha. Mwanzoni ushauri ulikuwa kusafisha. Oktoba 2013 ikaletwa D610 yenye shata nyingine, na mwenye D600 akabaki akijiuliza yeye ni mteja au ni mfano wa majaribio. Februari 2014 kampuni ikatangaza kusafisha na kubadilisha shata bure, hata kwa waliokwisha waranti. Hesabu miezi hiyo: kutoka Septemba 2012 hadi Februari 2014. Anayeugundua ugonjwa siku ya tatu harudishwi nyuma na kalenda hiyo.

Giza

Funika lenzi kwa kifuniko chake. Kama kamera ni ya kioo, ile yenye kioo ndani kinachopeleka taswira kwenye kidirisha cha kuchungulia, funika pia kidirisha hicho, maana mwanga huingilia hapo ukasingizia mengine. Zima kipengele cha kupunguza chenga kwenye picha za muda mrefu, la sivyo kamera itajifutia ushahidi yenyewe. Sekunde 30, ISO 1600.

Utaona nukta nyekundu, za buluu na nyeupe. Usipige kelele. Sensa yenye pikseli milioni 24 haikosi vilema kadhaa, na kwenye sekunde 30 vinajitokeza vyote. Piga tena kwa 1/60 ya sekunde: nukta inayoendelea kung'aa hapo ndiyo ya kuhesabu. Kamera nyingine zina kipengele cha kuzisahaulisha pikseli mbovu. Kitumie mara moja kabla ya kulalamika.

Rudia zile sekunde 30, safari hii mtu azungushe tochi kando ya kamera: kwenye kiskrini cha juu, pale lenzi inaponasa, kwenye vifuniko vya nyaya. Ukungu au mstari ukitokea, kuna mahali panavuja.

Taa, na nguo nyeusi

Usiku nenda mahali penye taa za mbali, piga picha, kisha kuza kila taa uitazame pembeni. EOS 5D Mark II ilipotoka mwishoni mwa 2008 ilikuwa ikiweka nukta nyeusi upande wa kulia wa taa, kama tundu lililotobolewa kwenye picha. Canon iliimaliza kwa sasisho la programu Januari 2009, na hiyo ndiyo kasoro ya heri: haikuhitaji bisibisi.

Halafu chukua taa moja isiyo na kifuniko, ipandishe iwe juu kidogo ya fremu, nje yake, na uiteremshe kamera polepole. Mng'ao utamwagika kwenye picha, hilo ni la kawaida. Lisilo la kawaida ni mng'ao huo kukatwa na kivuli chenye ukingo kama umekatwa kwa rula. Nikon D750 ya 2014 ilipatikana na jambo hili, na Januari 2015 kampuni ikaanza kuzipokea kwa matengenezo bila malipo.

Ukiwa na taa hiyohiyo mkononi, kama ni balbu ya kizamani ya nyuzi za moto, piga picha ya nguo nyeusi ya nailoni au poliesta karibu na nguo nyeusi ya pamba. Zote zitoke nyeusi. Leica M8 ya 2006, kamera ya watu wasiouliza bei, ilikuwa ikiiona mionzi ya infraredi, ambayo jicho haliioni, na vitambaa vyeusi vikageuka zambarau. Leica iliwapa wanunuzi vichujio viwili bure vya kufunga mbele ya lenzi. Nimeiweka hapa kwa sababu kila mwaka huja mtu kuniambia kwamba kampuni ikiwa ya gharama haikosei.

Fokasi

Bandika ukurasa wa maandishi makubwa kwenye ukuta, kamera kwenye tripodi ikiukabili wima, tundu wazi kabisa. Tumia nukta ya katikati, kisha ya mwisho kushoto, kisha ya mwisho kulia, kila mara ukisogeza kamera ili maandishi yawe chini ya nukta. Kabla ya kila picha vuruga fokasi kwa mkono, uiache kamera itafute upya. Piga tano tano, maana moja haithibitishi kitu. Kwa kamera ya kioo, rudia ukitumia skrini ya nyuma: ikilenga vizuri kwa skrini na kukosea kwa kidirisha, tatizo ni kule kwenye sensa ya fokasi iliyo chini ya kioo.

Kamera zisizo na kioo hazina ugonjwa huo, lakini upande mmoja wa picha ukiwa na ukungu, usimlaumu wa kwanza unayemwona. Igeuze kamera kichwa chini, piga tena. Ukungu ukihamia upande wa pili wa picha, kosa ni lako, hukuukabili ukuta sawasawa. Ukibaki upande uleule wa picha, ni lenzi au ni kamera. Badilisha lenzi ujue ni ipi. Jaribio hili la dakika mbili limeokoa kamera nyingi zisirudishwe bure, na limenifedhehesha mimi mwenyewe mara mbili.

Joto

Kwa wanaopiga video hapa ndipo pa kukaa. Canon EOS R5 ilipozinduliwa Julai 2020 kila mtu aliimba 8K, yaani video ya ubora wa juu mno. Canon yenyewe ilikuwa imechapisha kikomo: dakika 20 za 8K kwenye joto la nyuzi 23 za selisiasi. Wapinzani wakapata sherehe. Mwezi Agosti likaja sasisho lililolegeza mambo kiasi, lakini jina "kamera inayochemka" lilikuwa limeshaganda.

Ninachokiona mimi ni kwamba mabishano yote yalihusu dakika za kwanza, ilhali anayefanya kazi huumizwa na dakika za pili. Ijaribu hivi: chagua ile hali ya video utakayoitumia kweli, wala si ile ya kwenye tangazo. Kadi tupu, betri iliyojaa, chumba chenye joto la kawaida yako. Rekodi mpaka ikate yenyewe, andika dakika. Izime, ipumzishe dakika kumi, rekodi tena. Kamera inayokwenda dakika arobaini ikapumzika na kukupa nyingine ishirini na tano unaweza kupanga nayo kazi. Inayokwenda arobaini ikakupa nne, hiyo ni ya arobaini tu, na mteja wako hajui kusubiri.

Mikono, na mambo ya kutishwa bure

Funga na ufungue kila lenzi uliyonayo, usikilize ule mlio wa kunasa. Vuta mkanda kwa nguvu ya kweli ukiwa juu ya kitanda. Mwaka 2023 baadhi ya Nikon Z8 zilipatikana na vishikio vya mkanda vinavyolegea, na nyingine hazikuwa zikipokea lenzi sawasawa. Zikatengenezwa bure, lakini kishikio kikiachia barabarani hakuna tangazo litakalookota vioo.

Na usikimbilie dukani kwa mistari myeusi kwenye picha ulizopiga chini ya taa za LED kwa shata ya kielektroniki. Taa zinapepesa, sensa inasoma mstari kwa mstari, ndivyo zilivyo karibu zote. Rudi kwenye shata ya mitambo uone kama mistari inaondoka.

Ukikuta kasoro

Usisafishe kwa maji maji yoyote, usifungue, usimpe rafiki mwenye mkono mwepesi. Hifadhi faili za RAW, yaani picha ghafi ambazo kamera haijazichakata, kama zilivyotoka kwenye kadi pamoja na ile picha ya namba ya chini. Angalia kama kampuni imeshatoa tangazo na kama namba yako imo. Kisha omba kubadilishiwa, usikubali matengenezo. Muuzaji atakuambia kwa upole kwamba fundi wao ataimaliza kwa siku chache. Siku hizo chache ndizo zitakazomaliza siku zako za kurudisha. Mwambie: "Kaka, nililipia mpya," halafu nyamaza. Kunyamaza hapo kunafanya kazi kuliko maelezo.

Kuhusu kununua toleo siku ya uzinduzi, mimi sinunui. Hungoja sasisho la pili la programu, na wakati huo mashabiki wa upande wa pili wanakuwa wameshanifanyia ukaguzi wote.

Yule kijana wa ndege naye alinunua yake mwaka jana. Siku ya nne akanipigia simu usiku: "Dada, nimeupiga ukuta. Ndege watatu."

"Puliza kwanza," nikamwambia.

Akapuliza, nikimsikia. Wawili wakaruka. Akaiacha ijipige mia sita nyingine, kesho yake asubuhi akanitumia picha: yule wa tatu alikuwa amepata majirani watano. Saa nne alikuwa amesimama mbele ya muuzaji na boksi lake, risiti mkononi, amenyamaza kimya.